Frere Town na Rabai: Kanisa la Watu Wasio wa Ukoo Mmoja

Kijiji cha Frere Town, kilichoanzishwa mwaka 1875 na wamishonari wa Kianglikana kutoka Uingereza upande wa bara wa Mombasa, hutajwa mara nyingi kama kimbilio la watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, lakini jambo zito zaidi katika historia yake ni namna watu wasio na ukoo, mila wala lugha moja walivyolazimika kuwa kanisa moja.

Mkataba wa mwaka 1873, ambao kwa huo Sultani Barghash alikubali kulifunga soko la watumwa la Unguja, ulizidisha haja ya mahali pa kuwaweka waliokamatwa baharini na manowari za Uingereza. Hao waliitwa mateka, na walifika na Kiyao, Kimakua na Kinyasa chao. Waliwakuta Waafrika wa Bombay, yaani watumwa wa zamani waliopelekwa India wangali watoto, wakasomeshwa karibu na Nasik, kisha wakarudishwa pwani kuwa walimu na mafundi. Katika kituo cha Rabai, kilichofunguliwa na wamishonari Krapf na Rebmann mwaka 1846, walikuwapo pia waumini wenyeji wa Kimijikenda.

Ushirika huo haukuwa wa watu sawa. Mwafrika wa Bombay alijua Kiingereza, alilipwa mshahara na alivaa kizungu, ilhali mateka aliyeteremshwa pwani jana alikuwa hajui hata jina la mahali alipo. Na wasomi hao nao, kwa haki kabisa, walinung'unikia kuwekwa chini ya Wazungu waliowazidi kwa rangi tu. Kilichowakutanisha kila siku ni Kiswahili, lugha ambayo wengi wao hawakuzaliwa nayo na ambayo kwa sababu hiyo haikumpa yeyote ubwana, pamoja na kengele iliyowaita ibadani na kuwatahadharisha hatari ilipokaribia, ambayo mnara wake ungalipo mahali panapoitwa Kengeleni.

Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwaweka wakfu William Jones na Ishmael Semler, wote wawili Waafrika wa Bombay, kuwa mashemasi, daraja ya kwanza ya uchungaji. Mwaka huohuo Hannington aliuawa Busoga akiwa safarini, na Jones, mtu aliyewahi kuwa mtumwa, ndiye aliyeurudisha msafara wake hadi Rabai.

Hapo Rabai ndipo umoja ulipojaribiwa kweli, kwa kuwa waliokuwa wakiingia sasa walikuwa watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana wa pwani ambao sheria ya wakati huo iliwatambua bado kuwa wenye mali. Baadhi ya wamishonari walitaka warudishwe ili kuepusha vita, na hofu yao haikuwa ya bure, maana mabwana walitishia kukichoma kituo. Lakini watoro walikwisha kujenga, kulima na kusali pamoja na wengine, na kumtoa mmoja wao kungekuwa kuwaambia mateka wote kwamba uhuru wao ulitegemea tu chombo walichofikia nacho. Shauri lilikwisha tarehe 1 Januari 1889, George Mackenzie wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki alipowalipa mabwana fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na vituo vya jirani wakapewa hati za uhuru, kila mmoja kwa jina lake.