Diski ya mgongo: jinsi tundu la upasuaji lilivyopungua

Kabla ya mwaka 1934, mtu mwenye maumivu ya kiuno yanayoshuka mpaka unyayoni hakuwa na jibu la maana kutoka kwa daktari. Wachache waliofunguliwa mgongo walikutwa na kinyama kigumu kimeukandamiza mshipa wa fahamu, na cheti cha maabara kikaandikwa: uvimbe wa gegedu. Huko Boston, Marekani, William Jason Mixter, bingwa wa upasuaji wa ubongo na neva, na mwenzake wa mifupa, Joseph Barr, waliamua kuvitazama upya vinyama hivyo na kuvilinganisha na diski za kawaida. Vingi havikuwa uvimbe hata kidogo. Vilikuwa vipande vya diski yenyewe, ile nyama laini iliyo katikati ya pingili mbili, iliyopasua ganda lake na kuchomoza nje. Wawili hao walitangaza matokeo yao mwaka 1934, na tangu hapo madaktari wakajua wanachokitafuta.

Kukifikia ilikuwa kazi nyingine. Daktari alipasua ngozi kwa urefu, akabandua misuli kutoka kwenye mfupa, kisha akaondoa sehemu pana ya upinde wa pingili ili apate mwanya wa kuona. Mwaka 1939 J. Grafton Love wa Mayo Clinic alionyesha kwamba diski inaweza kutolewa kwa kupitia baina ya pinde mbili, bila kuuondoa upinde mzima. Hapo ndipo tundu lilipoanza kupungua, ingawa vyombo vilikuwa vilevile.

Viwili kati ya vyombo hivyo bado vipo katika vyumba vya upasuaji hadi leo. Koleo la Kerrison ni refu na jembamba, na ncha yake ya chini ni bapa. Ncha hiyo hupenyezwa chini ya ukingo wa mfupa. Daktari anapobana mshiko, taya ya juu inateleza mbele na kung'ata kipande cha mfupa, huku ile bapa ikiikinga neva iliyo chini yake. Koleo la pili linaingia ndani ya diski, linabana na kuvuta. Kinachotoka ni cheupe, chenye nyuzinyuzi, mfano wa nyama ya kaa. Makoleo ya leo yamekonda tu, lakini kazi ni ileile.

Katikati ya karne wakajitokeza watu waliotaka kuviacha vyuma kabisa, na hiki ndicho kisa ninachokipenda zaidi katika historia hii. Mwaka 1956 daktari Lewis Thomas aliwadunga sungura papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai, na baada ya saa chache masikio yao yakalegea na kuanguka. Gegedu ilikuwa imelainika. Lyman Smith akajiuliza: kama inalainisha sikio la sungura, kwa nini isilainishe diski? Mwaka 1964 alichapisha taarifa ya kuwadunga wagonjwa kimopapaini, ndugu ya papaini. Anayeijua nyama ya mishkaki iliyolazwa na papai bichi hatashangaa. Tena Tanganyika, Uganda na Kongo zilikuwa miongoni mwa nchi zilizokausha utomvu huo na kuuuza ng'ambo. Marekani iliiidhinisha sindano hiyo mwaka 1982, lakini baadhi ya wagonjwa walipata mzio mkali na wengine wakapooza. Kufikia 2003 ilikuwa imeondolewa sokoni huko.

Wakati huohuo wengine walikuwa wakitafuta njia ya ubavuni. Sadahisa Hijikata wa Japani alitangaza mwaka 1975 namna ya kupitisha mrija mwembamba kwenye ngozi hadi ndani ya diski. Parviz Kambin, daktari wa Philadelphia mwenye asili ya Iran, akabainisha pembetatu ndogo pembeni mwa pingili ambamo chombo kinaweza kupita bila kuigusa neva. Leo pembetatu hiyo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1985 Gary Onik akaleta kichokonoo cha milimita 2 kinachokata na kufyonza kwa pamoja, na mwaka uliofuata leza ikatumika huko Graz, Austria. Vyote vilikuwa na udhaifu mmoja: vilipunguza diski kutoka katikati, lakini kipande kilichokwisha kukatika na kwenda kuibana neva vilikiacha palepale.

Kwa maoni yangu, kilichobadilisha mambo kwa kweli ni jicho. Mwaka 1977 Yaşargil wa Zürich na Caspar wa Ujerumani walichapisha kazi zao za kutoa diski kwa darubini. Mwaka 1997 Kevin Foley na Maurice Smith wa Memphis wakaleta mirija inayovalishwa mmoja juu ya mwingine: kwanza waya, kisha mrija mwembamba, kisha mnene zaidi, misuli ikisogezwa kando badala ya kukatwa. Baadaye kamera na koleo zikaingia pamoja kupitia njia ya ubavuni isiyofika sentimita moja, mara nyingi mgonjwa akiwa macho, aweze kusema mguu ukimshtua.

Je, udogo wa tundu umemfaa mgonjwa? Si mara zote. Utafiti wa Uholanzi wa 2009 kwa wagonjwa 328 haukuona mrija ukiushinda upasuaji wa kawaida. Maumivu yalizidi kidogo kwa waliopitia mrija. Mwingine wa 2022, wagonjwa 613, ulikuta kamera ya ubavuni haipitwi na upasuaji wa wazi. Na kuna ule wa 2007, pia wa Uholanzi: walioharakishwa kupasuliwa na walioambiwa wasubiri kwanza, asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona baada ya mwaka. Kati ya waliosubiri, asilimia 39 tu ndio waliopasuliwa.

Kwa hiyo ukitajiwa upasuaji wa tundu dogo, usiulize ukubwa wa kovu kwanza. Uliza kama picha ya MRI inaonyesha neva iliyobanwa upande uleule unaouma, na kama kusubiri kunawezekana. Lakini ukihisi ganzi sehemu unazokalia, au mkojo ukikatalia au kukutoka bila habari, usisubiri chochote: nenda hospitali siku hiyohiyo.