Je, vazi la mhusika humpa mchezaji ushindi katika michezo ya intaneti?

Shati la mtumba lililonunuliwa katika soko la Tsoka jijini Lilongwe, lile ambalo Wamalawi huliita kaunjika, laweza kuvaliwa miaka miwili kisha likarithiwa na mdogo wa mwenyewe. Vazi la mhusika wa mchezo wa simu halivaliki na mtu, na kwa kawaida haliuziki tena, lakini hulipiwa fedha halisi. Kwa kijana wa kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, fedha hizo zingetosha kununua kifurushi cha intaneti cha Airtel au TNM. Kwa hiyo swali lina uzito: je, vazi hilo humsaidia kushinda, au humpendezesha tu?

Katika michezo mingi, vazi hilo, ambalo wachezaji hulijua kwa jina la skini, haliongezi nguvu wala kasi. Nyuma ya kila mhusika kuna umbo lisiloonekana, na umbo hilo ndilo huamua kama risasi imempata. Avae kanzu au gamba la chuma, umbo hilo kwa kawaida hubaki lile lile. Katika PUBG Mobile, kwa mfano, bunduki iliyonakshiwa haiui haraka kuliko bunduki ya kawaida.

Tatizo huanzia machoni mwa mpinzani. Mashabiki wa soka watakumbuka Aprili 1996, Manchester United walipocheza na Southampton wakiwa na jezi za kijivu. Wakiwa nyuma kwa mabao 3 kwa bila, walibadili jezi wakati wa mapumziko, na kocha Alex Ferguson akaeleza kwamba wachezaji wake walishindwa kuonana. Hatimaye walifungwa 3 kwa 1. Kinachomponza mchezaji wa soka, yaani kutoonekana na wenzake, ndicho hasa anachokitafuta mchezaji wa michezo ya kufyatuliana risasi.

Ndivyo ilivyotokea katika Call of Duty: Warzone, uliozinduliwa mwaka 2020. Mhusika aitwaye Roze alikuwa na vazi jeusi karibu mwili mzima. Aliyejibanza naye pembeni mwa chumba chenye giza hakuonekana kwa urahisi, na malalamiko yalienea hadi watengenezaji walipolirekebisha mwaka 2021 ili lionekane vizuri zaidi. Fortnite nao ulikumbwa na utata kama huo, baada ya mavazi ya mashujaa yaliyotolewa mwaka 2020 kuwawezesha wachezaji kujipaka rangi moja tupu, nyeusi au nyeupe. Uhuru huo wa kuchagua rangi ulipunguzwa baadaye.

Free Fire una hali ya pekee, na hapo jibu hugeuka. Skini nyingi za bunduki katika mchezo huo huja na sifa za ziada: moja huongeza madhara ya risasi au kasi ya kufyatua, huku ikipunguza kitu kingine, kama vile kasi ya kujaza risasi. Anayelipa hupata silaha tofauti kidogo na ya asiyelipa. Tofauti ni ndogo, lakini wawili wenye ustadi sawa wakikutana ana kwa ana, kidogo hicho chaweza kuamua nani aanguke. Anayeandaa mashindano ya mtaani kupitia chumba maalumu anaweza kuzima sifa hizo kabla ya mechi, na ni vema afanye hivyo, hasa pale ambapo washiriki wamechanga kiingilio.

Lipo pia suala la rangi na nafsi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu mchezo wa Unreal Tournament 2004 ulionyesha kwamba timu nyekundu zilishinda takriban asilimia 55 ya mechi dhidi ya timu za bluu. Hata hivyo, huo ni mchezo mmoja tu, na rangi hizo hazikununuliwa na mtu.

Kwa mchezaji aliye Malawi, kikwazo kikubwa zaidi mara nyingi ni mtandao. Seva za michezo hii ziko mbali, na amri ya kidole huchukua muda kufika na kurudi. Mtandao ukilegea, mpinzani huonekana mahali alipokuwa, si mahali alipo, na hakuna vazi linalouzwa dukani mwa mchezo linaloweza kupunguza ucheleweshaji huo.