Habari za Picha na Machungu ya Mlima Elgon

Habari ya picha husimulia tukio kwa mfuatano wa picha zenye maelezo mafupi. Kenya ilimtoa bingwa wake, Mohamed Amin, mwanzilishi wa Camerapix, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliishtua dunia.

Cheptais, nchini humo, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ilikuwa na habari nzito isiyopigika picha kirahisi. Mgogoro wa mashamba ya Chebyuk ulizaa kundi lenye silaha la Sabaot Land Defence Force (SLDF), lililoua watu na kuwakata wengine masikio. Machi 2008 jeshi likaingia kwa operesheni Okoa Maisha. Wanaume wengi walikamatwa na kuteswa, na baadhi hawakuonekana tena.

Habari kama hiyo huanza na picha pana ya mlima na makazi, kisha sura ya mtu, halafu jambo dogo la karibu: kovu pale sikio lilipokuwa. Hapa ndipo mwanagenzi wa upigaji picha hana budi kuwa makini kuliko kwingine kote. Uso wa manusura ukichapishwa bila ridhaa yake, waweza kumrudisha hatarini. Mikono au kivuli vyatosha. Tarehe na mahali, vikiandikwa sawasawa chini ya picha, huigeuza kuwa ushahidi.

Habari ya picha huweza pia kupelekwa kwa wananchi wenyewe: picha za mpiga picha Boniface Mwangi za ghasia za Kenya za baada ya uchaguzi wa 2007 zilizungushwa baadaye mijini kupitia maonyesho ya Picha Mtaani.