Nyumba Nzuri, Jirani Hafungui Mlango

Wengi wetu filamu ya kutisha ikianza tunabadilisha chaneli, na anayefanya hivyo hatumlaumu. Lakini zile za Marekani, kuanzia miaka ya 1970, zimebeba historia inayotuhusu sisi akina mama: historia ya nyumba, na ya mwanamke aliyeachwa ndani yake peke yake na watoto.

Tuanze na nyumba zenyewe. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Marekani ilikuwa na uhaba mkubwa wa makaazi. Sheria ya mwaka 1944 ikawapa askari waliorudi njia rahisi ya kupata mkopo wa nyumba. Mwaka 1947 kampuni ya Levitt ikaanza kujenga Levittown, nje ya jiji la New York, kwenye mashamba yaliyokuwa ya viazi. Hadi mwaka 1951 zilikuwa zimesimama nyumba zaidi ya 17,000, zinafanana kama sare za skuli. Mikataba ya mwanzo ilikataza asiye mzungu kukaa humo, ila awe mtumishi wa ndani. Usalama uliouzwa pale ulianza kwa kuwafungia wengine mlango.

Asubuhi baba anapanda gari kwenda kazini mjini. Mama anabaki. Bibi yuko mji mwengine, shangazi yuko mbali, na kila jirani yuko ndani kwake. Mwaka 1963 Betty Friedan alitoa kitabu juu ya wanawake hawa, wenye friji na mashine ya kufulia lakini moyoni wanaona kuna kitu kimekosekana. Miaka kumi na kitu baadaye filamu zikaichukua khofu hiyo.

The Stepford Wives ilitoka mwaka 1975. Mke anahamia mji mdogo uliotulia, anakuta wanawake wote wanasifia usafi wa sakafu na hawana neno jengine. Waume wamewaua wake zao na kuweka maroboti mahali pao. Sisi tunaoshona tuliliona kwenye nguo kabla ya kuambiwa: rafiki yake aliyekuwa akivaa suruali fupi na kucheka ovyo anatokea siku moja na gauni refu, amejipamba, katulia kama sanamu la dukani.

Halloween, ya mwaka 1978, iliongozwa na John Carpenter, lakini aliyeiandika pamoja naye na kuitayarisha ni mwanamke, Debra Hill. Jina la mji wa kwenye filamu, Haddonfield, alilitoa kwao New Jersey. Wazazi wametoka, watoto wameachiwa msichana wa skuli anayelipwa kuwaangalia. Muuaji anapomfukuza, msichana anakimbilia nyumba ya jirani, anagonga, anapiga kelele za kuomba msaada. Taa inawaka. Mtu anachungulia. Kisha taa inazimwa. Kwetu sisi hapo ndipo pa kutisha kuliko kisu chenyewe, maana muuaji ni mmoja, na milango ile ni ya mtaa mzima.

Halafu Poltergeist ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Tobe Hooper, na Steven Spielberg akiwa mwandishi na mtayarishaji mmojawapo. Baba wa familia ile ndiye anayewauzia watu nyumba za mtaa mpya wa California, na yeye mwenyewe anakaa humo humo. Usiku, matangazo yakishakwisha na televisheni imebaki na chenga tupu, binti yao mdogo Carol Anne anakaa mbele yake akizungumza na wasioonekana. Mwisho wanamchukua. Mama ndiye anayefungwa kamba kiunoni na kuingia huko kumfuata mwanawe.

Sababu inajulikana baadaye. Mtaa ulijengwa juu ya makaburi. Kampuni ilihamisha mashahidi ya makaburi tu, maiti wakaachwa chini, na nyumba zikauzwa. Tuliofundishwa hata kukalia kaburi ni makosa, hatuhitaji kutafsiriwa. Faida ilikwenda kwa tajiri, lakini aliyechukuliwa ni mtoto wa mfanyakazi wake.

Mwaka 1984 Wes Craven, aliyelelewa katika familia ya Kibaptisti yenye msimamo mkali, alitoa A Nightmare on Elm Street. Humo wazazi walimchoma moto muuaji wa watoto aliyeponyoka sheria, wakanyamaza kimya. Miaka ikapita, naye akawa anawaua watoto wao usingizini. Mama mmoja anatia nondo madirishani huku amelewa. Kwa kweli ni filamu ya siri za wazazi, hayo makucha ni mapambo.

Khofu hii haikubaki Marekani. Mwaka 2014 mwanamke wa Australia, Jennifer Kent, alitoa The Babadook. Mume wa Amelia alikufa kwa ajali ya gari akimpeleka hospitali kujifungua. Sasa analea mtoto asiyelala, na hata ndugu yake amewachoka. Anafika mahali anamchukia mwanawe, jambo ambalo mama hathubutu kulitamka mbele za watu. Jirani yao ni bibi mzee anayetetemeka kwa maradhi, na yeye hawachoki wala hawafungii mlango. Dude lile halifi. Amelia analiweka chumba cha chini ya nyumba, na kila siku anashuka na bakuli la minyoo kulilisha, kisha anapanda juu kwa mwanawe.