Chipu yenye dirisha na mtoto aliyefichwa shambani

Historia ya leo si ya vita vyetu, ingawa ndani yake yumo mtoto mkimbizi. Ni historia ya kitu cha sentimita tatu hivi: chipu inayoitwa EPROM, iliyokuwa ikitunza programu kwenye kompyuta za zamani.

Tuanze na mtoto. Dov Frohman alizaliwa Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1939. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohama Poland kwa kukimbia chuki, yaani alizaliwa ugenini kama baadhi ya wadogo zetu. Mwaka 1940 majeshi ya Hitler yakaingia Uholanzi, hatari ikawafuata hukohuko. Mwaka 1942 wazazi wakamkabidhi mtoto kwa watu wa siri waliompinga Mjerumani, nao wakampeleka kwa wakulima Wakristo, familia ya Van Tilborgh, kijiji cha Sprang-Capelle. Wakamficha mpaka vita vikaisha. Hebu fikirieni, mtoto si wako, akikutwa kwako nyote mmekwisha, na bado unamweka. Wazazi wake hawakurudi, waliuawa. Akapita kwenye nyumba za mayatima, na mwaka 1949 akafika Israeli, akalelewa na ndugu wa familia. Akasoma uhandisi wa umeme Haifa, halafu Berkeley, Marekani. Mwaka 1969 akaingia Intel, kampuni iliyokuwa changa kabisa.

Pale akapewa kazi isiyo na sifa: kutafuta kwa nini chipu fulani za kampuni zinaharibika. Katika kuchunguza akapata wazo. Ndani ya chipu, weka kipande kidogo sana cha silikoni kisichogusana na waya wowote, kimezungukwa pande zote na kitu kisichopitisha umeme. Ni kama kisiwa. Ukisukuma kwa volti kubwa, elektroni zinaruka mpaka kisiwani. Ukizima umeme, zinabaki hukohuko kwa miaka, maana hazina njia ya kutokea. Kisiwa chenye elektroni na kisicho nazo, hizo ndizo 0 na 1 zako.

Kabla ya hapo ilikuwa taabu. Kumbukumbu ya kudumu iliandikwa kiwandani au ilichomwa mara moja tu, ukikosea herufi moja unatupa chipu nzima. Ya Frohman iliweza kufutwa. Juu yake ina dirisha la kioo maalumu. Ukiimulika kwa mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana ambao umo hata kwenye jua, elektroni zinapata nguvu ya kutoka kisiwani, na chipu inakuwa tupu. Ya kwanza, Intel 1702, ilitoka mwaka 1971. Ilibeba baiti 256 tu, yaani hata meseji mbili za simu ni shida kuingia.

Mwaka huohuo 1971, wazee wetu wengi wa Cabo Delgado walikuwa wamevuka Ruvuma kwa sababu ya vita vya Mreno, wengine wakiishi kambini Rutamba, Lindi. Babu zetu walikuwa deslocados kabla fomu za kutuandika hivyo hazijachapwa.

Na Frohman? Mtu aliyeipa kampuni mali kama ile angekaa ale matunda yake. Yeye mapema miaka ya 1970 aliondoka Intel akaenda Kumasi, Ghana, kufundisha uhandisi wa umeme chuo kikuu. Afrika ya wakati ule haikuwa na msimamo mmoja juu ya mashine hizi: Tanzania mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kutoka Ghana alirudi Israeli kufundisha, na akasaidia kuanzisha ofisi ya Intel Haifa.

Leo wapo watu wanaofufua kompyuta za zamani, mfano BBC Micro ya Uingereza ya mwaka 1981, na bado wanaandika EPROM kwa mkono. Chukua chipu aina ya 2716, yenye baiti 2,048. Kwanza unaifunika ndani ya kisanduku chenye taa ya urujuanimno, kama dakika 20, na usiichungulie taa hiyo, inaumiza macho. Ikishafutika, biti zote zinasoma 1. Kuandika ni kugeuza 1 kuwa 0 tu. Kurudisha 0 moja kuwa 1 haiwezekani, ni lazima ufute chipu yote uanze upya. Kila baiti inapewa volti 25 kwa milisekunde 50, kwa hiyo kazi yote ni sekunde 100 na ushee. Angalia volti vizuri: zilizokuja baadaye zinataka 12.5, ukizipa 25 zinakufa palepale. Mwisho unasoma ulichoandika, unahakiki, unabandika karatasi juu ya dirisha. Bila karatasi, jua kali la kama wiki moja linaweza kufuta kila kitu.

Hata zilizofunikwa, elektroni huvuja polepole. Ndiyo maana wanaozitunza huwa wanazisoma mapema na kuweka nakala, kabla biti hazijaanza kupotea.

Hapa ndipo panatuhusu. Miaka ya 1980 Mjapani Fujio Masuoka, wa Toshiba, alitengeneza kumbukumbu ya flashi, inayofutwa kwa umeme bila dirisha. Kisiwa ni kilekile. Ndiyo iliyomo kwenye simu yako na kwenye memori kadi. Nayo huvuja, hasa ikikaa miaka bila umeme kwenye joto. Wengi wetu tulitoka na simu tu. Nyumba, mashamba na vyeti vilibaki. Kama una kadi ya zamani yenye picha za nyumbani, za harusi, za watu ambao hatunao tena, na imelala ndani ya begi tangu 2020 au 2021, itoe wiki hii, ichomeke kwenye simu inayofanya kazi, unakili picha zote sehemu mbili.