Nairobi: Ni Nani Mwenye Kitovu cha Mji?

Mji wa Nairobi, katika nchi jirani ya Kenya, ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli iliyotoka Mombasa. Juu ya kambi hiyo wakoloni walijenga kitovu cha mji kwa manufaa yao: ofisi, benki, hoteli na maduka. Mwafrika aliingia humo kufanya kazi, kipande kikining'inia shingoni, na jioni alitakiwa kurudi kwenye makazi aliyopangiwa upande wa mashariki.

Kwa hiyo Kenya ilipopata Uhuru mwaka 1963, kukijenga upya kitovu hicho halikuwa suala la saruji na nondo tu. Lilikuwa suala la heshima ya taifa. Mwaka 1969 ilifunguliwa bustani ya Uhuru Park, ambamo mwananchi asiye na senti aliweza kupumzika kivulini bila kuulizwa alikotoka. Mwaka 1973 ukakamilika mnara wa mikutano wenye ghorofa 28, uliopewa jina la Kenyatta.

Lakini si kila jengo jipya ni maendeleo. Mwaka 1983 lilifunguliwa jumba la Nyayo House. Juu zilikuwa ofisi za serikali. Chini ya ardhi vilikuwamo vyumba ambamo raia walioshukiwa kuipinga serikali walifungiwa na kuteswa. Waliotesa walikuwa watumishi wa dola. Vyumba hivyo vilifunguliwa mwaka 2003 ili umma uvione.

Mwaka 1989 zamu ikaifikia Uhuru Park yenyewe. Ulitangazwa mpango wa kujenga humo jengo la ghorofa 60, makao ya gazeti la chama tawala cha KANU, pamoja na sanamu ya Rais. Gharama ilikadiriwa kufikia dola milioni 200, na sehemu kubwa ilitarajiwa kutoka nje. Profesa Wangari Maathai, kiongozi wa chama cha kupanda miti cha Green Belt, aliandika barua kwa wakubwa wa serikali na mashirika ya kimataifa, akihoji kwa nini maskini wanyang'anywe bustani yao. Bungeni alitukanwa. Mahakama ililitupa shauri lake. Chama chake kilifukuzwa katika ofisi kilizopewa na serikali. Hata hivyo wenye fedha wa nje walisita, mpango ukafifia, na mwaka 1992 uzio ukaondolewa.

Mwaka huohuo, katika pembe ya bustani hiyo, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa wakisusa chakula, wakidai watoto wao waachiwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na mabomu ya machozi. Profesa Maathai alipigwa hadi akazimia. Baadhi ya akina mama walivua nguo mbele ya askari. Kwa mila za jamii nyingi za Kiafrika hiyo ni laana nzito, maana anayelaani ni mzazi. Baadaye wafungwa wengi waliachiwa.

Historia imekwisha kutoa hukumu. Mwaka 2004 Profesa Maathai alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ya Kenya ilitangazwa rasmi katika bustani ileile iliyokusudiwa kuuawa kwa saruji.

Funzo la Nairobi linamhusu kila askari, awe wa jeshi au wa polisi. Askari ndiye huwekwa mlangoni mwa jengo na kando ya uzio. Rungu lake linaweza kulinda mali ya umma, na linaweza pia kumlinda anayeipora. Wakubwa waliotaka ghorofa 60 wamepita, bustani imebaki. Askari aliyeinua rungu siku ile alirudi nyumbani jioni, na huko alikuwa mtoto wa mama.