Kukwangua au kukomba?

Sisi tuliokwangua vocha za simu tunalijua tendo hili kwa ukucha: utando unatoka, namba zinabaki. Basi kukwangua kunazifaa programu zinazochukua habari kwenye tovuti za magazeti. Programu huomba ukurasa kama kivinjari chochote, hupokea msimbo wa HTML, kisha huambua matangazo na menyu na kubakiza kichwa, tarehe, jina la mwandishi na aya. Tovuti ikibadilisha mpangilio wake, kazi huvurugika. Ndiyo maana wengi hulipia huduma ya kukwanguliwa habari.

Wapo wanaosema “kuvuna data”. Neno hilo silipendi: huyo mvunaji alilima lini? Na anayebeba habari zote asibakize kitu, huyo anakomba. Njia ya kumwomba asiguse ipo: mwaka 1994 mtaalamu wa kompyuta Martijn Koster alipendekeza faili la robots.txt, ambamo mwenye tovuti hutaja kurasa asizotaka ziguswe na programu. Ni ombi tu, si kufuli. Gazeti la The New York Times lilipozishtaki kampuni za OpenAI na Microsoft Desemba 2023, lilidai habari zake zimetumika kufunzia akili mnemba bila idhini. Hapo, kwa madai yake, tumeshafika kwenye kukomba.